Uache Kazi Ama Biashara Ibaki ya Jioni? Piga Hesabu Kwanza

Mauzo ya mwezi yamepita mshahara, na tayari unawaza barua ya kuacha kazi. Pole pole. Pesa iliyoingia kwenye till si faida.

Tuseme unaoka keki pale Umoja jioni na wikendi, na mshahara unaoshika mkononi ni Sh35,000.

- Keki 30 kwa Sh2,000: Sh60,000
- Unga, mayai, siagi, sukari: Sh33,000
- Gesi, boksi na boda: Sh9,000
- Inayobaki: Sh18,000, yaani Sh600 kwa keki

Kufikia mshahara umepungukiwa na Sh17,000. Hizo ni keki 29 zaidi kila mwezi.

Una shida ya muda ama ya wateja?
Kwa miezi mitatu, andika kila oda unayokataa kwa sababu uko kazini. Zikiwa 30 kwa mwezi, unachokosa ni muda. Zikiwa 5, unachokosa ni wateja, na kuacha kazi hakutawaleta.

Kodi nayo?
Keki 59 kwa mwezi ni mauzo ya Sh1,416,000 kwa mwaka. Ukipita Sh1,000,000, KRA inataka kodi ya mauzo ya 3%, na inakatwa kwa mauzo yote, si faida. Hiyo ni Sh60 kwa keki, unabaki na Sh540. Sasa unahitaji keki 65, si 59. Kumbuka pia mwajiri huongezea NSSF kiasi sawa na unachokatwa. Ukitoka, sehemu yake imeisha, na SHA utajilipia mwenyewe.

Jaribu kabla hujaruka
Sheria inakupa angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Zitumie kuoka siku nzima, uone mauzo yanapanda kiasi gani. Ila soma mkataba wako kwanza. Kuna waajiri wasioruhusu biashara ya kando.

Anza leo
1. Malipo yote ya wateja yapitie till, si laini yako ya kawaida.
2. Kila mwisho wa mwezi, toa statement na uondoe gharama zote.
3. Weka akiba ya matumizi ya miezi mitatu, karo ikiwemo.
4. Ukiamua kutoka, toa notisi. Kwa anayelipwa kila mwezi, ni angalau siku 28.

Hesabu ikikataa, baki na zote mbili. Biashara ya jioni pia ni biashara.