Kisogo cha maiki

Kinachoniudhi katika studio za nyumbani ni trei za mayai. Mtu anazikusanya miezi sita, anabandika ukuta mzima, kisha maiki yake anaielekeza dirishani. Bodaboda ikipita, imo ndani ya wimbo. Trei ni karatasi nyepesi: inapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, kelele ya nje haiizuii, na moto ukitokea inageuka kuni. Kelele huzuiwa na kitu kizito na nyufa zilizozibwa.

Na dawa anayo mkononi. Maiki nyingi za kuimbia zina kisogo, na kisogo hicho ni kiziwi.

Uziwi wenyewe umetengenezwa kwa ujanja. Chini ya wavu mna kiwambo chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma, kinachotikiswa na sauti. Ungedhani fundi ameziba nyuma yake. Wapi! Ameacha matundu. Kelele inayotoka kisogoni basi ina njia mbili: kupenya matunduni, au kuzunguka hadi mbele. Ya matunduni ni fupi, kwa hiyo humo huwekwa kizuizi kama kitambaa, kiicheleweshe kidogo mno, hadi ile nyingine imalize kuzunguka. Zinakifikia kiwambo pamoja, moja mbele, moja nyuma, kwa nguvu sawa, nacho kinatulia. Sauti ya mwimbaji huwahi mbele. Ya matunduni inazunguka, halafu inacheleweshwa tena, na kiwambo kinatikisika. Benjamin Bauer ndiye aliyefanikisha jambo hili kwa kiwambo kimoja, katika maiki ya Unidyne ambayo kampuni ya Shure ya Marekani iliitoa mwaka 1939. Ukichora eneo inalosikia, unapata umbo la moyo.

Sasa mtazame msanii anayefumbata wavu kwa kiganja, kwa mbwembwe. Ameyaziba matundu. Maiki inaanza kusikia pande zote, spika zinapiga mluzi, naye anamlaumu fundi mitambo.

Nyumbani, kisogo kielekee feni, dirisha au mpiga ngoma. Ubavu hautoshi, maana huko sauti hupungua desibeli 6 tu. Blanketi zito litundikwe nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki, kwa kuwa maiki inamtazama yeye pamoja na ukuta wake. Tena asogee: umbali ukipungua nusu, sauti yake huongezeka kama desibeli 6, na kelele ya mbali inabaki ilivyo. Anayeimba huku akipiga gitaa atafute maiki ya utepe, inayosikia mbele na nyuma lakini kiziwi ubavuni. Ubavu huo auelekeze kwenye gitaa. Mdundo usivuje kutoka masikioni, avae hedifoni zilizofunikwa nyuma. Mvua ikipiga bati, angoje tu.

Maiki nyingi za kawaida za kuimbia hazihitaji hata betri, lakini tunazitupa kama maganda. Moja niliiokota jalalani nyuma ya ukumbi wa harusi. Waya ulikuwa umeachia, ikatosha tone la lehemu. Mimbarini, mnadani, redioni, kwenye podikasti, uwanjani, kote zinafaa.

Leo usiku washa feni, vaa hedifoni, zungusha maiki polepole. Pale feni inapofifia, hapo ndipo pa kuifunga maiki.