Debe Tupu Lililoacha Kuvuma

Sisi watu wa pwani tunda hili tuna majina mawili kwalo. Wako wanaoliita nyanya, na wako, hasa wazee wetu, wasiolijua ila kwa jina la tungule. Liite upendavyo, lakini hapana jiko la Mombasa, Malindi wala Lamu liwezalo kutoa mchuzi wa samaki, rojo la biriani au kachumbari bila ya tunda hili. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia bei yake hupanda, na kina mama hurudi sokoni na kikapu nusu. La kustaajabisha ni kwamba kitu tukipendacho hivi hatukipandi. Nyingi ya tungule zetu huja kwa malori kutoka Taveta, Loitokitok na mpakani mwa Tanzania. Barabara ikikatika kwa mvua, nasi mchuzi wetu umekatika.

Ukiuliza sababu utaambiwa, "Hatuna shamba." Jawabu hilo nililiamini hata nilipofika Homa Bay na Migori, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Nyanza ya Kusini. Safari yangu ilikuwa ya kutazama mapishi. Nilitaka kujua wenzetu wa ziwani wanampikaje ngege na mbuta, na omena wale ambao sisi tungewaita dagaa. Kote nilikoalikwa nilikuta kitunguu na nyanya vikitangulia sufuriani, kisha samaki. Nikauliza nyanya zatoka wapi, nikapelekwa nyuma ya nyumba.

Hapo palikuwa na madebe. Ndugu msomaji, debe unalijua, lile bati la galani nne lililokuwa likija na mafuta ya taa, ambalo sokoni limekuwa kipimo cha nafaka. Palikuwa na madebe saba, mitungi ya plastiki ya lita 20 iliyokatwa shingo, na chungu kimoja kikubwa chenye ufa. Katika kila chombo ulisimama mnyanya mmoja, umefungwa kwenye mti, umebeba matunda mekundu na mabichi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Haya yalikuwa kimya, kwani yalikuwa yamejaa udongo.

Mwenye madebe alikuwa mke mdogo wa boma karibu na Kendu Bay, mji wa bandari wenye Waislamu na misikiti ambamo mtu wa pwani hajioni mgeni. Zamani alikuwa na bustani yake ufukoni mwa ziwa, akiinywesha kwa ndoo. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kiasi kisichoonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia mashambani, majumbani na hata kwenye magati. Bustani yake ikawa mahali pa kufungia mitumbwi.

"Si uhamie shamba la juu?" nilimwuliza.

Akacheka. "Mgeni, shamba la juu lina taratibu zake."

Na taratibu hizo ndizo zilizonifanya niandike makala haya. Kwa mila za Waluo, msimu wa kupanda una mlango wake, uitwao *golo kodhi*, yaani kuitoa mbegu. Mwenye boma na mke wake mkubwa, *mikayi*, ndio watanguliao kutia mbegu ardhini. Wake wengine hufuata, kisha watoto wa kiume na wake zao kwa daraja za kuzaliwa. Kumruka aliye mbele yako ni kosa kubwa, na watu huogopa balaa yake. Mila hii ina hekima yake, kwani huweka heshima na kuzuia ugomvi wa ardhi. Lakini ina uzito wake pia. Mkubwa akiwa mgonjwa, au akiwa safarini Nairobi, wadogo hukaa na mbegu mikononi huku mvua ikipita.

Sasa, debe ni shamba au si shamba? Swali hilo liliposimama bomani humo halikuwa mzaha. Shemeji mmoja alisema mbegu ni mbegu hata ikiwa ndani ya kikombe, na kwamba mke mdogo ameanza kujifanya mkubwa. Neno kama hilo laweza kumtoa mwanamke nyumbani kwake. Shauri likapelekwa kwa *mikayi* mwenyewe, ambaye ndiye mwenye haki ya kukasirika. Bibi huyo, kama nilivyosimuliwa, alikwenda akayatazama madebe, akalisukuma moja kwa mguu likasogea. Akasema, "Shamba halisogei. Hiki ni chombo cha jikoni, na chombo cha jikoni kina mwenyewe." Kisha akaomba apewe miche miwili. Shauri likaisha hapo, na mila haikuvunjwa.

Nilimwuliza mama yule kama madebe yale yanamletea utajiri. Alinijibu bila kupamba, "Karo hayalipi. Lakini nyanya ya kununua sijaigusa tangu mvua za masika."

Na sasa nikueleze namna ya kupanda. Chombo kiwe cha karibu lita 20 kwa mche mmoja, kwani mizizi ikibanwa matunda huwa haba. Kitobolewe matundu chini ili maji yasituame. Udongo uwe sehemu mbili za udongo mzuri, sehemu moja ya samadi iliyokwisha kuoza sawasawa, na sehemu moja ya mchanga. Mbegu huoteshwa kwanza pembeni, na baada ya wiki nne hadi sita mche huhamishwa jioni, ufukiwe hadi karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina la mnyanya lililofukiwa hutoa mizizi mipya. Jua lisipungue saa sita kwa siku. Maji yatiwe asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani, maana majani yakilala na unyevu hualika ukungu. Maji yakitiwa leo mengi na kesho yasitiwe, tunda huoza kitakoni, likawa na doa jeusi, kwa sababu mmea haukuipata chokaa yake kwa mpango.

Faida ya debe si kwa asiye na shamba tu. Uko ugonjwa wa mnyauko unaokaa ardhini miaka mingi, nao huua mnyanya ungali kijani. Kata shina lake, litumbukize katika bilauri ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndio huo. Shambani huna la kufanya ila kuhama. Kwenye debe, wautupa mmea na udongo wake mbali na bustani, waosha chombo, waanza upya.

Migori nilijifunza mambo mawili zaidi. Kwanza, nchi hiyo imelima tumbaku kwa miaka mingi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yalianza kuwasaidia wakulima wa huko kuiacha tumbaku na kupanda maharage yenye madini ya chuma. Tumbaku na nyanya ni ndugu wa ukoo mmoja, na maradhi ya mmoja humpata mwenziwe. Kiko kirusi kinachoyafanya majani kuwa na mabaka, nacho hukaa hata katika tumbaku iliyokauka, kikahama kwa vidole. Basi mvuta sigara, na wewe mwenzangu utiaye tumbaku katika tambuu, oshe mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa mnyanya.

Pili, upande wa Macalder huchimbwa dhahabu, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikusanya. Zebaki ni sumu. Udongo wa karibu na mahali pa kuoshea dhahabu si wa kupandia chakula. Hali kadhalika chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya mashine, hata ukakiosha mara saba, si cha kupandia mboga. Chukua kilichokuwa na chakula.

Na sisi huku pwani? Tofauti moja tuikumbuke: Homa Bay iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake hupoa. Kwetu joto la usiku wa Februari huangusha maua kabla ya kushika tunda. Basi tupande tukielekea miezi ya baridi: mbegu Mei, miche Juni, tule Agosti na Septemba. Maji ya visima vyetu yana chumvi, nayo hujilimbikiza debeni. Maji ya mvua yaliyokingwa yatiwe mara kwa mara hadi yatoke chini kuiosha. Tena yako maji ya kutawadhia, yasiyo na sabuni, tunayoyaacha yaende mtaroni mara tano kwa siku. Beseni moja chini ya bomba laweza kunywesha minyanya kadhaa.

Nyumba zetu za Mji wa Kale hazina viambaza vya kutosha hata vya kuanikia nguo, achilia mbali bustani. Lakini zina madari yanayopata jua tangu asubuhi, na mafundisho ya dini yetu yanatuambia kuwa apandaye, akala ndege au mtu katika alichokipanda, huandikiwa sadaka. Dari haikutajwa kuwa kizuizi. Mwezi wa Mei ukifika, tafuta debe safi, litoboe, ulipandishe juu kabla hujalijaza udongo, kwani likishajaa halibebeki ngazini.