Kichwa cha furu: Utafiti wa gharama ndogo, faida kwa mfugaji

MFUGAJI wa sato katika vizimba vya Ziwa Victoria anaijua hasara ya asubuhi moja. Oksijeni inapopungua majini, samaki aliowalisha kwa miezi huelea wakiwa wamekufa, na fedha ya chakula hairudi.

Jirani yake ziwani, furu, amekwishapita katika shida hiyo. Baada ya sangara waliopandikizwa miaka ya 1950 na 1960 kuongezeka kwa kasi miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka. Chache zilirejea miaka ya 1990, zikakuta maji machafu na yenye oksijeni kidogo.

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na wenzao walitoa matokeo ya kuwapima furu hao. Katika aina moja, eneo la matamvua, yaani viungo vya kupumulia, lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64. Kichwa na macho vilikuwa vimepungua. Mabadiliko yote hayo yalitokea ndani ya miongo miwili tu.

Hapa ndipo ilipo nafasi ya mwanafunzi wa uvuvi au ufugaji wa samaki. Kazi ya namna hii haihitaji meli wala maabara ya mamilioni. Kisu cha kupasulia, hadubini, kipimo na samaki kutoka mwaloni vinatosha kuanzia.

Maswali yapo, tena yana bei sokoni. Majaribio yameonyesha kuwa furu waliolelewa kwenye oksijeni kidogo huota matamvua makubwa zaidi. Je, kiasi gani hutokana na malezi, na kiasi gani hurithiwa? Kwa sato jibu lina uzito: sifa ikirithiwa, mzalishaji wa vifaranga anaweza kuchagua wazazi, ikiwa ni malezi tu, mfugaji atafute namna nyingine.

Lakini utafiti wa 2008 uliwezekana kwa sababu furu waliokusanywa kabla ya sangara kutawala walihifadhiwa. Bila wao, kusingekuwa na cha kulinganisha. Vyuo vyetu vikiwaagiza wanafunzi kuhifadhi na kuandika tarehe na mahali kwa kila samaki wanayempasua leo, gharama yake ni chupa na dawa. Visipofanya hivyo, mtafiti wa miaka 20 ijayo hatakuwa na pa kuanzia, na mfugaji ataendelea kukisia.