Sura ya Nne: Ua la Kuvaa na Ua la Kuacha

Mgeni akifika Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ua analotamani kuonyeshwa ni lile dogo la zambarau linaloota mwambani, penye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani, alimpelekea baba yake mmea huo Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akaupa jina la Saintpaulia. Wajerumani wenyewe mpaka leo huuita urujuani wa Usambara, na umejaa madirishani huko Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mwenye harusi anayetaka shada dogo la kubandika kifuani hulitazama na kujiuliza kama si hilo hilo.

Si hilo. Kikonyo chake ni laini na kimejaa maji, petali zake ni nyembamba, na harufu halina. Likishachumwa halikai. Tena ndani ya hifadhi mtu hajichumii mimea, na ni haki iwe hivyo: huko porini ua hili linaishi kwa kivuli cha miti, na miti ikikatwa mwamba hukauka nalo likafa. Liacheni lilipo.

Ua la kifuani lazima lihimili saa nyingi bila maji, karibu na joto la mwili. Jambo hili wanawake wa pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, walilimaliza zamani kwa kikuba, na sijaona shada la dukani linalokifikia. Vitu vyake ni vichache: rehani, mkadi, asumini, na kilua kwa anayekipata. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani yetu ya Kenya na Tanzania. Bernard Verdcourt alipouingiza kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1970, aliuandika kwa jina hilo hilo, Mkilua fragrans.

Kazi inaanza alasiri. Asumini huchumwa ikiwa bado tumba, nyeupe na iliyofumba, kwa sababu hufunguka usiku na ndipo inapotoa manukato yake ya kuwaita nondo. Tumba lililochumwa huendelea kufunguka hata likiwa uzini, kwa hiyo kikuba kilichofungwa jioni hunukia zaidi shughuli ikipamba moto. Ua lililokwisha kuchanua asubuhi halina faida tena; litageuka kahawia kabla bibi harusi hajatoka ndani.

Chukua sindano nyembamba na uzi mweupe. Toboa kwenye kile kishingo kilicho chini ya tumba, usiguse petali, maana popote kidole kinapobonyeza hufanya doa. Sukuma matumba yakaribiane bila kubanana, kisha kunja uzi uwe kitanzi. Kata mkadi vipande vyembamba. Panga vijiti viwili vitatu vya rehani viwe mgongo, mkadi juu yake, kilua katikati, na kitanzi cha asumini mbele. Zungushia uzi kwenye vikonyo mara kadhaa, kaza, ukate ncha zilingane. Rehani haiko pale kwa ajili ya kijani tu: mafuta yake yamo kwenye vifuko vidogo vya jani, na kila nguo inapolisugua, harufu hutoka upya.

Wengi huharibu kikuba kwa kukifanya kikubwa. Kikiwa kizito huvuta kitambaa na kuinama. Kitoshe kiganjani tu. Kifunge kwenye jani bichi la mgomba lililonyunyiziwa maji kidogo, ukiweke penye ubaridi mpaka saa ya kuvaa. Pini ipite kwenye vikonyo vilivyofungwa, itokee nyuma ya nguo, irudi tena mbele. Ikipita mara moja, kikuba kitazunguka.

Kesho yake asumini itakuwa imekwisha. Mkadi haufi upesi hivyo: uchomoe, uukaushe kivulini, uutie katikati ya khanga sandukuni.