Plonjere wa draga, kilo za chuma na nguvu ya mkondo

Wengi wetu tuna mdogo, binamu ao rafiki wa masomo ambaye leo anatafuta pesa kwenye draga za dhahabu, katika mito ya Maniema na Kivu Kusini. Huyu plonjere haiko kama mzamiaji wa skuba tunayemuona kwenye video, mwenye mtungi mgongoni na mapezi miguuni. Yeye anapumua hewa ya kompresa kupitia tiyo ndefu ya plastiki, anajifunga vyuma kiunoni, anashuka chini na kuongoza tiyo kubwa inayofyonza mchanga na changarawe. Mwaka 2016 shirika la Global Witness lilitoa ripoti juu ya dhahabu ya mto Ulindi, kule Shabunda kwa jirani zetu, na dunia ikasikia kidogo habari za draga. Lakini juu ya mwili wa mtu aliye chini ya maji, watu wanaongea kidogo sana.

Leo tuulize swali moja tu: juu ya nini plonjere anajifunga kilo nyingi hivyo?

Watu wanajibu: ili azame. Hiyo ni nusu ya jibu. Ndani ya maji mwili wa mtu karibu hauna uzito, na bila nguo nene ya kuzamia, kilo chache tu zinatosha kumshusha. Kilo zingine zote ni za kushindana na mkondo. Na kilo hizo ndizo zinazomzuia kupanda siku kompresa inapozima.

Maji inasukuma namna gani

Maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa. Ndiyo maana upepo wa metre moja kwa segonde hausikii hata shingoni, lakini mto wa mwendo huo huo unakuyumbisha ukifika kiunoni.

Nguvu ya kusukuma inategemea vitu vitatu: mwendo wa maji, ukubwa wa eneo unalolionyesha kwa mkondo, na umbo lako. Eneo likiongezeka mara mbili, nguvu nayo inaongezeka mara mbili. Mwendo ndio mkorofi: ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

Tufanye hesabu. Mtu amesimama wima chini ya mto, amepa mkondo kifua. Eneo lake ni karibu nusu metre mraba. Mkondo ukiwa metre 1 kwa segonde, maji yanamsukuma kwa nguvu ya karibu kilo 25. Kwa metre 1,5 inafika karibu kilo 56. Kwa metre 2 ni kilo 100. Mto ni ule ule, mtu ni yule yule. Pengine mvua tu imenyesha kule juu usiku. Kwa hiyo neno "jana niliweza" haliko hesabu.

Wazamiaji wa skuba walijifunza nini

Tangu Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipotengeneza kifaa chao cha kupumulia mwaka 1943, wazamiaji wamejifunza kwamba kifaa hakikuchoshi kwa uzito wake tu. Kinakuchosha kwa umbo lake na kwa namna kinavyoning'inia.

Mtungi uliolala sawasawa na mgongo hauongezi sana ukinzani wa maji, kwa sababu unapita nyuma ya kichwa na mabega. Lakini tiyo inayopepea pembeni, taa inayoning'inia ao mfuko uliojaa, kila kimoja kinakamata maji. Kubwa kuliko vyote ni miguu kushuka. Mzamiaji aliyelala sawa kama samaki anaonyesha kichwa na mabega tu. Akijifunga risasi kupita kiasi kiunoni, miguu inazama, anatia hewa nyingi katika koti lake ili asishuke, koti linavimba, eneo linaongezeka kwa juu na kwa chini. Sasa anasukuma maji kama mlango uliofunguliwa.

Bei yake inalipwa kwa hewa. Mtungi wa litre 12 uliojazwa kwa bar 200 una litre 2400 za hewa. Mtu mtulivu anayetumia litre 20 kwa dakika, kwenye kina cha metre 10 ambako hewa inatumika mara mbili, angeumaliza katika saa moja. Akipigana na maji hadi apumue mara mbili zaidi, ni nusu saa.

Tiyo nyembamba, mzigo mkubwa

Turudi kwa plonjere wetu. Yeye hana mtungi, kwa hiyo mtu anaweza kufikiri kwamba ana bahati. Lakini tazama ile tiyo ya hewa. Tuseme ina unene wa sentimetre 1,5, na metre 20 ziko ndani ya maji. Zidisha: ni 0,3 metre mraba, zaidi ya nusu ya mwili mzima wa mtu! Ikikaa yote ikikatisha mkondo wa metre 1 kwa segonde, inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 18. Ikifuata mkondo, inavutwa kidogo zaidi ya bure. Na kama plonjere ameishika kwa meno tu, mvuto wote unaenda kinywani.

Mlolongo wa kilo

Jumlisha sasa: 25 za mwili na 18 za tiyo, ni 43. Ili miguu isiteleze juu ya changarawe, uzito unaomkandamiza chini lazima uwe mkubwa kuliko huo. Kama changarawe inashika kwa nusu ya uzito, anahitaji kilo 86. Hakuna mtu wa kubeba hivyo kwa raha, kwa hiyo anabeba anazoweza na kujikaza kwa mikono.

Halafu esanse inaisha. Hewa inakatika. Hata mwogeleaji hodari, kilo 5 tu mkononi zinamchosha haraka akitaka kubaki juu ya maji. Mwenye kilo 30 zilizofungwa kwa kamba yenye fundo gumu atafanya nini?

Ndiyo sababu ninasema: kupunguza msukumo wa maji ni kupunguza kilo, na kupunguza kilo ni kumpa mtu nafasi ya kupanda.

Mambo matano ya kumwambia mdogo wako

1. Pima mkondo kila asubuhi. Tupa kipande cha mti, hesabu segonde kwa metre 10. Segonde 10 ni metre 1 kwa segonde. Zikiwa 7, nguvu imeongezeka mara mbili. Zikiwa 5, ni mara nne: siku hiyo usishuke.

2. Usisimame wima. Inama, elekeza kichwa kunakotoka maji, kaa karibu na chini, ambako mkondo unapungua, ao nyuma ya jiwe kubwa lisilotikisika.

3. Tia nanga upande wa juu wa mto, funga tiyo ya hewa kwenye kamba ya nanga kila metre moja ao mbili. Kamba ibebe mvuto, si plonjere.

4. Kipande cha mwisho cha tiyo kifungwe kwenye mkanda wa mabega, si kushikwa na meno tu.

5. Vyuma vikae kwenye mkanda wao peke yake, unaofunguka kwa mkono mmoja, kwa mvuto mmoja, hata macho yakiwa yamefumba. Ajaribu kwanza kwenye maji ya kiuno.

Hii haifanyi draga kuwa kazi salama. Bado kuna moshi wa motere unaoingia katika hewa ya kompresa, na kingo za mchanga zinazobomoka juu ya mtu. Lakini mkanda wa kufunguka hauna bei ya kushinda mwenye draga, na kamba ya nanga anayo tayari. Tulioketi darasani tukaandika fomula hizi kwenye kayé, tuzipeleke mtoni kabla ya mvua kubwa.