Meli Kubwa, Kijiji Kidogo: Wanorwei na Hesabu ya Watalii wa Baharini

Kila meli ya watalii inapofunga gati Kilindini, baraza zetu hujaa maneno. Wako wanaohesabu ghorofa za meli. Wako wanaohesabu mabasi yanayotoka langoni kuelekea Fort Jesus na Tsavo. Na wako wenye tuktuk na wauza vinyago ambao jioni, honi ya meli ikishalia, hubaki wakiulizana: wageni wameshuka kwa mamia, mbona mfukoni hamna kitu?

Swali hilo si la Mombasa peke yake. Iko nchi kaskazini mwa Ulaya ambayo hupokea meli za aina hii kutwa kucha msimu wa kiangazi, na watu wake wamelijadili mpaka likafika bungeni. Nchi hiyo ni Norwei. Wao wana tabu ya wingi na sisi tuna tabu ya uchache, lakini hesabu ni ile ile: meli ikija, nani anapata na nani anabaki na taka?

Kwanza tuelewe kwa nini meli zinakwenda huko. Ukitazama ramani, pwani ya Norwei imechanikachanika kama ukingo wa mkeka uliofumuka. Zamani sana mito ya barafu ilichimba mabonde marefu kati ya milima, na barafu ilipoyeyuka bahari ikaingia ndani. Mikono hiyo ya bahari wenyewe huiita fyodi. Usiifananishe na hori zetu za Tudor au Mtwapa, zenye mikoko na matope. Fyodi ina milima iliyosimama wima pande zote mbili, maporomoko ya maji yanashuka kutoka juu, na kina chake kinatisha. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko zote nchini humo, inaingia bara zaidi ya kilomita 200, na mahali pengine kina chake kinapita mita 1,300. Kwa hivyo meli yenye ghorofa kumi na tano inaweza kupenya mpaka kati ya mashamba ya mbuzi bila kugusa chini. Abiria anakaa kwenye kibaraza cha chumba chake, kikombe mkononi, na mlima unampita mbele ya macho. Hapo ndipo penye biashara yote.

Safari nyingi huanzia nchi jirani: Southampton huko Uingereza, Hamburg na Kiel huko Ujerumani, Copenhagen huko Denmark. Wiki moja, bandari nne au tano, kisha kurudi. Wenye muda na pesa zaidi hupanda kaskazini hadi Tromsø na Honningsvåg, karibu na rasi ya Nordkapp.

Sasa chukua kijiji cha Geiranger. Kiko mwisho wa fyodi yenye urefu wa kilomita 15, ambayo mwaka 2005 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na fyodi nyingine iitwayo Nærøyfjord. Wakazi wa kudumu wa Geiranger hawafiki 300. Gati la kutosha meli kubwa hakuna, kwa hivyo meli hutia nanga katikati ya maji na abiria huletwa pwani kwa mashua. Tangu mwaka 2013 wana pia daraja la kuelea, ambalo hunyooshwa kutoka nchi kavu mpaka ubavuni mwa meli na kukunjwa tena ikiondoka. Meli moja kubwa hubeba watu elfu tatu na kupita. Siku ambayo zinakutana mbili, mkazi mmoja anagawiwa wageni ishirini. Wote wanataka choo, wote wanataka picha, na barabara ya kupanda mlimani ni moja.

Na huyu mgeni ni wa namna gani? Amelala melini. Chai ya asubuhi ameinywa melini. Chakula cha mchana alishakilipia kabla hajatoka kwao, na akikila kijijini ni kama amelipa mara mbili. Ana saa sita au saba tu za kukaa nchi kavu. Ziara ya basi ameuziwa na kampuni ya meli yenyewe, nayo hukata fungu lake kabla ya kumpa mwenye basi. Meli ina duka ndani, ina mkahawa, ina kila kitu ambacho kijiji kingeweza kumuuzia. Bendera nyuma yake ni ya Bahamas, Malta au Panama. Bandari inapata ada ya kufunga gati kulingana na ukubwa wa chombo, rubani wa kuiongoza meli analipwa, maji yanauzwa, taka zinapokewa kwa malipo. Hizo si pesa ndogo kwa halmashauri ndogo, tusidanganyane. Lakini mwenye duka la sweta za sufi anamtazama mgeni akipiga picha ya dirisha lake na kwenda zake.

Wanaofaidika zaidi ni wale wenye kitu ambacho meli haiwezi kukibeba. Mfano ni Flåm, kijiji kingine kidogo, mwisho wa tawi moja la ile Sognefjord. Kutoka pale gatini inaanza reli ya kilomita 20 inayopanda mpaka kituo cha Myrdal, zaidi ya mita 860 juu ya usawa wa bahari, ikizunguka na kuingia kwenye mahandaki yaliyochongwa ndani ya mlima. Haikujengwa kwa ajili ya watalii. Ilikusudiwa kuwaunganisha watu wa fyodi na reli kuu ya Bergen na Oslo, na treni zilianza kupita mwaka 1940. Leo abiria wa meli ndio wanaoijaza. Wanashuka melini, wanapanda treni, wanarudi, na nauli inabaki huko huko. Mimi kwa maoni yangu somo kubwa liko hapo kuliko katika sheria zote nitakazozitaja, kwa sababu sheria huzuia hasara lakini haimpi mtu chochote cha kuuza.

Bergen ni kisa kingine. Huo ni mji wa karibu watu laki tatu, umezungukwa na milima, na mvua yake ni ya kusimuliwa. Bandarini kuna mtaa wa Bryggen, nyumba za mbao zilizobanana, zilizojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1702 kwa kufuata mtindo wa zamani. Wafanyabiashara wa Kijerumani waliweka makao hapo kwa karne kadhaa wakinunua samaki mkavu kutoka visiwa vya kaskazini na kuleta nafaka. Anayejua biashara ya ng'onda na papa hahitaji kuelezwa zaidi. Bryggen iliingia katika urithi wa dunia mwaka 1979, miaka 22 kabla ya Mji wa Kale wa Lamu, na vichochoro vyake ni vyembamba vile vile. Meli zaidi ya 300 kwa mwaka zikishusha watu kwenye vichochoro hivyo, mwenyeji anakosa njia ya kwenda kazini. Halmashauri ya mji ikaweka kikomo: abiria 8,000 kwa siku. Meli inaomba nafasi mapema, na siku ikijaa imejaa.

La pili walilofanya Bergen ni kuleta umeme gatini. Watu wengi hudhani meli ikishafunga kamba imezima. Hapana. Meli ya watalii ni mji: taa, majiko, mabarafu, viyoyozi, vyote vinataka umeme, na mitambo inaendelea kunguruma na kutoa moshi mchana kutwa. Tangu mwaka 2020 bandari hiyo ina mitambo ya kuziunganishia meli tatu kwa wakati mmoja umeme wa nchi kavu, ambao Norwei unatokana karibu wote na nguvu za maji. Meli yenye vifaa vya kuupokea huchomeka waya mnene na kuzima injini.

Moshi ndio uliozua mvutano mkubwa zaidi. Ndani ya fyodi, siku isiyo na upepo, moshi hauna pa kwenda. Unaning'inia kati ya milima kama wa jikoni lisilo na dirisha. Mwaka 2018 bunge la Norwei liliamua kwamba ifikapo mwaka 2026 meli za watalii na feri zisitoe hewa chafu kabisa katika fyodi za urithi wa dunia. Dunia nzima ikapiga makofi. Lakini miaka ilivyosogea, meli kubwa za kutimiza sharti hilo hazikuonekana, na wenyeji wenyewe wakagawanyika. Wako waliotaka hewa safi. Wako waliosema: mkizifukuza, zitahamia fyodi ya jirani isiyo na jina la UNESCO, moshi utakuwa ule ule na sisi tutabaki na daraja letu la kuelea bila kazi. Serikali ikarudi nyuma nusu hatua. Tangu Januari 1, 2026 sharti ni kwa meli za abiria za chini ya tani 10,000, na zile kubwa zimepewa mpaka mwaka 2032. Mtu aweza kuuliza ni sheria gani hiyo inayomkamata mdogo na kumwacha mkubwa, na wako Wanorwei wanaouliza hivyo hivyo.

Haki yao niiseme pia, kwamba kwa feri zao wenyewe hawakungoja. Feri ya magari iitwayo Ampere, inayokwenda kwa betri tupu, ilianza kuvusha watu kati ya Lavik na Oppedal mwaka 2015. Sisi tunaovuka Likoni tutaelewa uzito wa jambo hilo bila kuchorewa.

Gharama nyingine huwa haitajwi mpaka siku ya shari. Machi 2019 meli ya Viking Sky, ikiwa na watu 1,373, ilizimika injini katika dhoruba kwenye bahari ya Hustadvika, mahali penye miamba. Nanga zilitupwa, na helikopta za uokoaji zikawanyanyua watu mmoja mmoja, zaidi ya 400, kabla meli haijapata nguvu ya kusogea. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini helikopta, vitanda vya hospitali na watu wa kujitolea waliokesha na mablanketi walitoka nchi mwenyeji.

Kwa vijana wetu wa Pwani wanaopata kazi katika meli hizi, iko na habari ya jua. Tromsø, kuanzia kama Mei 20 mpaka Julai 22, jua halizami. Utamaliza zamu ya usiku utoke nje ukute mchana mweupe. Magharibi iko wapi, isha iko wapi? Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja: wako wanaosema fuata nyakati za mji wa karibu ambao usiku na mchana bado vinapambanuka, na wako wanaosema fuata saa za Makka. Tromsø yenyewe ina Waislamu na msikiti, na baharia akipata ruhusa ya kushuka anaweza kuuliza pale pale. Kabla ya kusafiri, muulize sheikh wako ushike kauli moja.

Nimeiacha mwisho meli ninayoiona bora kuliko zote hizo, nayo si ya anasa. Mwaka 1893 barua kutoka Trondheim kwenda Hammerfest ilichukua wiki tatu wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi hata miezi mitano. Serikali ilitafuta mtu wa kupeleka meli huko mwaka mzima, na makampuni mawili yakakataa: giza la baridi ni refu, ramani za pwani ni mbovu. Akajitokeza nahodha Richard With. Yeye na rubani wake Anders Holthe walikuwa wakiandika daftarini dira, mwendo na dakika za kila kipande cha njia, hata wakaweza kupita gizani kwa saa na dira. Hiyo ndiyo ikawa Hurtigruten. Mpaka leo njia hiyo inaanzia Bergen hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, bandari 34. Watalii wamo, wamelipa vyumba vizuri. Lakini sitaha ya chini kuna mizigo ya dukani, na abiria mwingine ni mwanakijiji anayekwenda bandari ya pili tu. Bandari nyingine meli husimama robo saa, ikashusha, ikapakia, ikaondoka, Januari kama Julai. Serikali hulipia huduma hiyo kwa mkataba, na tangu mwaka 2021 mkataba umegawanywa kati ya Hurtigruten na kampuni nyingine, Havila.