Nyuzi nne zinatosha: akodi za jazz kwa mikono yenye kuchoka na mashine

Wandugu, ku nyumba mingi za kambi kuna gita moja yenye kutundikwa ku ukuta. Nyuzi mbili nene zimekatika tangu zamani. Baba anasema atanunua zingine mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unafika, kuna minervali ya watoto, kuna mufuko wa bunga, na gita inabaki palepale inakula vumbi.

Tunawaambia: muishushe leo. Zile nyuzi nne zenye kubaki, re, sol, si na mi, ni chombo kizima. Ku Marekani, tangu miaka ya 1940, watu wanatengeneza kagita kadogo ka nyuzi nne kwa kusudi, na wanakaita ukulele ya baritoni. Imepangwa re-sol-si-mi, sawasawa na nyuzi nne za mwisho za gita yetu. Ukulele yenyewe ilitoka mbali: Wareno wa kisiwa cha Madeira walifika Hawaii kwa meli mwaka 1879, wakaja na vigita vyao, na wenyeji wakavichukua na kuvifanya vyao. Ile ya baritoni njo kubwa kupita zingine zote za kawaida, na njo karibu zaidi na gita. Mwenzetu mumoja alirudi na moja kutoka Afrika ya Kusini. Tulipoiweka kando ya gita yenye kuvunjika ya kundi letu, tukaona vidole vinakaa pahali pamoja, na sauti ni moja. Tangu ile siku hakuna mutu ku kundi anasema gita yake imekufa.

Tena neno jazz lisiwaogopeshe. Sisi Wakongomani tumelala nalo na kuamuka nalo: African Jazz ya Kabasele mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956. Kweli, walikuwa wakipiga rumba, na jina lilikuwa la kujipamba. Lakini akodi za jazz zenyewe, zile zenye sauti ya kuachia mulango wazi, ni nyepesi kupita vile watu wanafikiri. Zingine hazitaki hata kidole kimoja.

Kwanza mupange nyuzi. Mukamate uzi wa re ku nafasi ya tano (nafasi ni pale kati ya chuma na chuma ku shingo ya gita): unapaswa kulia sawa na sol ya wazi. Sol ku nafasi ya nne inalia si. Si ku nafasi ya tano inalia mi. Basi. Kama munaimba ku kwaya, mutoto wa kwaya atawapa re ya kuanzia.

Sasa namba. Tunaandika nne, toka uzi munene mpaka ule mwembamba. Sufuri ni uzi wa wazi, hamukamate kitu. 1 ni nafasi ya kwanza karibu na kichwa cha gita, 2 ni ya pili, vile vile mpaka mwisho.

Mupige 0-0-0-3. Kidole kimoja tu, ku uzi wa mwisho. Ile ni sol majere ya kawaida, ile ya kanisa. Mushushe kidole: 0-0-0-2. Mumesikia? Ile ni sol majere 7. Sauti imelegea kidogo, kama mutu mwenye kutoka ku posti ya usiku na bado hajaamua kulala. Mushushe tena: 0-0-0-1, ni sol 7, na hii inavuta, inataka kwenda pahali. Mwisho mutoe kidole kabisa: 0-0-0-0, ni sol 6. Kidole kimoja, akodi nne, na ndani yake kuna sauti moja inashuka ngazi: sol, fa dieze, fa, mi. Tulifanya juma nzima na hii tu. Vijana walitaka kukimbia mbele, wazee wakakataa, na wazee walikuwa na haki, kwa sababu ku jazz kazi kubwa ni kusikia ile sauti ya ndani inatembea. Mutu mwenye kujua akodi mia na hasikie ile sauti, anapanga tu matofali.

Kuna jambo lingine ndani ya ile 0-0-0-0. Tumesema ni sol 6. Lakini kama mwenye basi anapiga mi chini yenu, nyuzi zilezile zinakuwa mi minere 7. Hamukubadilisha kitu; mwenzenu njo amebadilisha. Hii ni sababu nyuzi mbili nene hazikosekane sana mukiwa wengi: ile sauti ya chini ataileta mwingine, na gita ingine ao hata mama mwenye kuimba sauti nzito. (Vijana wanatucheka kwamba kwa Kifaransa mineur ni akodi ya huzuni na ni muchimbaji pia. Tumezoea.)

Kiisha kuna bare, kidole kulala juu ya nyuzi zote nne. Ku gita ya nyuzi sita bare inavunja mukono wa mutu mwenye kuanza. Ku nyuzi nne inakubali upesi. Mulaze kidole ku nafasi ya tano, 5-5-5-5: munapata do 6, ambayo ni la minere 7 pia. Ku nafasi ya saba, 7-7-7-7: re 6. Basi mukiwa na 0-0-0-0, 5-5-5-5 na 7-7-7-7 munaweza kusindikiza nusu ya nyimbo zenye kuimbwa ku matanga na ku ndoa huku kwetu, kwa kidole kimoja chenye kulala. Na kama bamama wanasema wimbo uko chini sana, munapandisha yote nafasi mbili: 2-2-2-2, 7-7-7-7, 9-9-9-9. Hamuhitaji kujifunza upya.

Kwa wenye vidole vitatu vyenye kutii, mupange hizi nne moja nyuma ya ingine, pigo nne kila moja: 0-0-0-2, kiisha 0-0-0-0, kiisha 2-2-1-3, kiisha 0-2-1-2. Ni sol majere 7, mi minere 7, la minere 7, re 7, na munarudi mwanzo. Huu muzunguko umebeba nyimbo nyingi kabisa za jazz ya Marekani. Kati ya ile ya kwanza na la minere munaweza kupitisha 0-1-0-1, vidole viwili. Kila nafasi tatu ile akodi inajirudia: 0-1-0-1 na 3-4-3-4 zina sauti zilezile nne, zimebadilishana tu pahali. Mutoto wa miaka kumi alituuliza sababu gani, tukahesabu naye ku shingo ya gita mpaka akaona mwenyewe.

Mukono wa kuume usiwasumbue. Jean Bosco Mwenda, mutoto wa Bunkeya, alipiga na gumba na kidole cha shahada tu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimukuta ku barabara za Jadotville, njo Likasi ya leo, na akarekodi Masanga. Mpaka leo wapiga gita wa Ulaya wanakaa chini kuchunguza vile gumba na shahada vilifanya.

Tufike sasa ku mukono wa kushoto, na hapa tunaomba mutusikilize vizuri, kwa sababu hatuandike hii habari kwa kujifurahisha tu.

Mutu mwenye kushika mashine ya kutoboa mwamba miaka mingi, ile mutikisiko inaingia ndani ya mikono. Mishipa midogo ya damu na ya kusikia inaharibika. Asubuhi ya baridi, mwezi wa sita ao wa saba, vidole vinakuwa vyeupe kama vya maiti, kiisha vinachoma wakati damu inarudi. Ganzi inabaki. Nguvu ya kukamata inapunguka. Wengi wanaficha, kwa kuogopa kutolewa ku kazi, ao wanasema ni uzee. Mwenzetu mumoja alifanya miaka 14 na ile mashine. Alipoonyesha vidole ku dispansari ya kazi walimujibu: ni baridi tu, uvae gan. Alivaa gan.

Gita njo ilitufungulia macho. Jioni moja tulikuwa tunafundishana 2-2-1-3, na mwenye kufundisha akasema: mufunge macho, mutafute uzi wa si. Wenzetu watatu hawakujua kidole chao kiko juu ya uzi gani. Walikuwa wanakamata kwa nguvu yote, mpaka ngozi inapasuka, kwa sababu hawakusikia kama wamefika. Wote watatu walikuwa watu wa mashine ya kutoboa. Tuliacha muziki pale pale, tukaandika majina yao, miaka yao ya kazi na mashine yenye walishika, na madelege wakapeleka barua kuomba madaktari wachunguze mikono yao na wandike matokeo ndani ya dosie. Barua imepokelewa, ina muhuri. Jibu hatujapata.

Basi munaweza kufanya vile ku nyumba. Baba afunge macho, mutoto amuwekee kidole ku uzi mumoja, aseme ni uzi gani. Si kazi ya dokta, na hatutaki mutu aseme chama kimepima wagonjwa. Lakini kama hajue, asikae kimya: aende kuchunguzwa wakati angali ku kazi, na aombe kopi ya karatasi yenye tarehe. Mutu akisha kutoka ku kazi, watamuuliza: ganzi ulipata wapi, ku mugodi ao ku shamba lako?

Tena asidanganyike na mutu mwenye kusema kupiga gita kutaponesha ganzi. Haiponeshe. Mwenye vidole vya vile aweke nyuzi za nailo, sawa zile za ukulele, maana chuma kitamukata bila yeye kujua. Na ile waya ya freni ya kinga yenye mafundi wetu wanatia pahali pa mi yenye kukatika, aiachie vijana wenye ngozi nzima.

Kuna wengine masikio njo yamechoka. Kelele za mashine zinaharibu kwanza sauti za juu: ndege, kengele ndogo, herufi s ndani ya maneno. Lakini nyuzi hizi nne za wazi zinatikisika toka mara 147 mpaka mara 330 kwa sekunde, na ile ni chini ya pahali ugonjwa unapoanzia. Mwenye masikio ya vile atasikia akodi imezibwa kidogo, kama radio ndani ya blangeti, lakini ataisikia. Tunaye mumoja ku kundi, na yeye njo wa kwanza kusema uzi umelegea.

Kwa wenye kupoteza vidole kabisa, kuna Django Reinhardt. Alizaliwa Liberchies, Ubelgiji, mwaka 1910, familia yake Wamanouche, watu wa kuhamahama. Alikuwa akipiga banjo. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, moto uliwaka ndani ya gari yenye alikuwa akilala. Mukono wa kushoto uliungua, na vidole viwili, kile cha nne na kile kidogo, vilikauka na kujikunja. Miezi mingi alilala kitandani, na ule mukono akaufundisha upya ku gita. Mwaka 1934, Paris, alianza na Stéphane Grappelli, mupiga violoni, Quintette du Hot Club de France. Mbio zote za solo alifanya na vidole viwili. Vile vyenye kujikunja aliviweka ku nyuzi nyembamba kukamata akodi, na kwa ile sababu akodi zake nyingi ni fupi, za nyuzi chache, hazifanane na za mutu mwingine. Alikufa 1953.

Ku kundi letu yuko mwenzetu mwenye mukono wa kushoto ulibanwa na jiwe; amebaki na shahada, cha kati na gumba. 2-2-1-3 haiwezekani kwake, basi pale pa la minere 7 analaza shahada: 5-5-5-5, na inalia ileile. Shida ilikuwa re 7, yenye kutaka vidole vitatu. Alitafuta majuma mawili, kiisha akaja na 0-2-1-0: cha kati ku sol nafasi ya pili, shahada ku si nafasi ya kwanza, na mi inabaki wazi. Tulihesabu sauti: re, la, do, mi. Fa dieze haipo, na ile mi ya wazi ni ya tisa juu ya re. Hailie sawa na re 7 ya kitabu. Inalia wazi zaidi, na kurudi ku sol inaenda yenyewe. Bamama waliimba juu yake, wakaomba irudiliwe. Siku hizi hata wenye vidole vitano wanaiweka vile.